Ukuta wa Mhandisi

Kufikia saa kumi na moja jioni, sherehe yenyewe haijaanza, nyumba ya Fundi ilikuwa tayari imepokea pasi mbili zisizowaka, redio inayokoroma, feni isiyozunguka mpaka isukumwe kwa mkono, na mashine ya juisi ambayo mwenyewe aliapa kuwa ina tatizo dogo tu. Vyote vilirundikwa juu ya meza ya Mama Cherehani, mke wa Fundi, aliyekuwa akishona nguo za watu hapo hapo sebuleni. Mtaa mzima ulikuwa umepata habari kwamba mtoto wao wa pekee amehitimu uhandisi. Kwingine watu huenda kwenye sherehe ya namna hiyo na zawadi. Hawa walikuja na kazi.

"Siyo lazima leo," alisema jirani wa nyumba ya pili, mama mwenye kifua kipana na kauli pana zaidi, akiisogeza pasi yake mbele ya nyingine. "Hata kesho. Ila mapema, maana nina nguo za kunyoosha."

"Kijana amesomea majengo, jirani."

"Aa, mhandisi ni mhandisi. Miaka minne yote hiyo, hata pasi hawakupitia?"

Mama Cherehani alicheka kwa mdomo, macho yakiwa kwenye masufuria. Fundi alikuwa nje uani akipanga viti vya kukodi chini ya turubai, amevaa suti aliyoshonewa na mkewe kwa kitambaa kilichobaki cha mteja mmoja mnene. Tangu asubuhi hakusema tena "mwanangu". Alisema "mhandisi wetu", kama vile kijana ni mali ya serikali. Hata mkewe alikuwa amembadilisha jina bila kumwomba ruhusa.

"Mama Mhandisi!" aliita. "Viti arobaini vinatosha?"

"Umealika wangapi?"

"Arobaini."

"Basi watakuja themanini."

Katika wageni wote hao, aliyemtoa Fundi jasho alikuwa mmoja tu, naye ni Kontrakta, bosi wake. Fundi alikuwa amemjengea kuta kwa miaka ishirini na sita, na mara tatu aliomba nafasi ya msimamizi wa mafundi. Mara zote tatu aliambiwa kwa upole mkubwa kwamba mikono yake ni dhahabu, ila kazi ile inataka mtu mwenye karatasi. Sasa karatasi imeingia nyumbani. Kontrakta alikuwa ameahidi kuja kumwona kijana kwa macho yake, na akimpenda, Jumatatu aanze kazi. Fundi alikwishaitoa habari hiyo kwa kila aliyepita barabarani, wakiwemo watu wawili waliokuwa wakiulizia njia tu.

Mama Cherehani naye aliitaka kazi hiyo kwa mwanawe. Lakini alichokitaka zaidi, na hili hakumwambia mtu, ni kumwona mumewe siku moja akisimama mbele ya yule bosi bila kukunja mgongo.

Kijana aliletwa saa kumi na mbili, juu ya mabega ya mjomba wake. Mjomba ni mdogo wake Mama Cherehani, mtu asiye na kazi maalumu lakini asiyekosa kwenye shughuli, na safari hii alijiteua mwenyewe kuwa mshereheshaji, akaazima spika kubwa na maikrofoni. Nyuma yao walifuata watoto, nyuma ya watoto walifuata watu wasioalikwa. Joho jeusi lilipepea, kofia yenye kishada ikamwangukia kijana machoni, na Mjomba kwa kutoona mbele akampitisha chini ya kamba ya kuanikia nguo iliyotaka kumkata shingo.

Chuoni wazazi hawakwenda. Kijana alisema kadi za wazazi zimeisha, zimegawiwa watoto wa wakubwa, na Fundi akaamini upesi, kwa sababu habari ya kunyimwa kitu kwa ajili ya wakubwa haikuwa ngeni kwake. Kwa hiyo ilikuwa mara ya kwanza Mama Cherehani kumwona mwanawe ndani ya joho. Alipiga vigelegele pamoja na wenzake, kisha akavikata katikati.

Alikuwa ameuona utepe wa shingoni. Kwa misimu miwili Mama Cherehani alikuwa akipokea kazi kutoka kwenye duka linalokodisha majoho. Alishona tepe hizo mpaka vidole vikaota sugu, na rangi zake alizijua kuliko wakuu wa chuo wenyewe. Wahandisi walivaa rangi ya machungwa, madaktari nyekundu, wanasheria zambarau. Utepe wa mwanawe ulikuwa wa samawati.

"Njoo jikoni," alimwambia, akimshika mkono kama anayemwokota mtoto sokoni. "Njoo uonje chumvi."

Jikoni, kibandani nyuma ya nyumba, hakukuwa na cha kuonjwa. Alifunga mlango kwa kisigino.

"Utepe huu wa nani?"

"Wangu, mama."

"Wahandisi ni machungwa."

"Walibadilisha rangi."

"Walibadilisha lini? Nimeshona mimi mwenyewe mwezi uliopita."

Kijana alitazama masufuria, akatazama dirisha, akaona dirisha ni dogo. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu kuliko baba yake, na hapo alionekana kama aliyevunja glasi.

"Hesabu zilinishinda mwaka wa kwanza," alisema. "Nikarudia mtihani, zikanishinda tena. Wakaniambia nihamie kwingine au nirudi nyumbani. Nikahamia sosholojia."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Elimu ya jamii. Namna watu wanavyoishi."

"Miaka mitatu unatudanganya, kumbe unajifunza tunavyoishi?"

"Ningemwambia vipi, mama? Baba alikuwa ameshanunua kofia."

Ni kweli alikuwa ameinunua. Kazini kwa Fundi mafundi huvaa kofia ngumu za njano, na wahandisi huvaa nyeupe. Wiki ile ile kijana alipoingia chuoni, Fundi alinunua nyeupe moja, akaifunga kwenye gazeti na kuificha chini ya kitanda. Kila Jumapili aliitoa kuipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Mama Cherehani alikumbuka hayo, na hasira aliyokuwa ameishika kwa mikono miwili ikamponyoka.

"Sikiliza," alisema. "Bosi wa baba yako yuko njiani. Ukisema leo, utamwua mzee wa watu mbele ya kazi yake. Kesho tutamwambia, mimi nikiwepo. Leo kula, cheka, piga picha. Lakini usiguse kitu cha mtu yeyote. Umenielewa? Usiguse kitu."

"Nimeelewa, mama."

Kuelewa huko kulidumu kama robo saa.

Mjomba alisimama katikati ya uani, akasafisha koo, akasema kwenye maikrofoni, "Mabibi na," kisha spika ikakata roho. Akaipiga kofi. Akaitukana kwa sauti ndogo. Watu wote wakageuka kumtazama kijana, bila kuambizana.

"Mhandisi si huyo hapo?" alisema jirani. "Tunahangaika na nini?"

"Mwacheni ale kwanza," alisema Mama Cherehani.

"Atakula, chakula hakikimbii! Mhandisi, hebu tazama kidogo."

Kijana aliisogelea spika kama mtu anayesogelea mbwa asiyemjua. Aliinama, akavuta waya mmoja uliokuwa umekaa vizuri, akaurudisha. Akainua ubao wa nyuma, akakunja uso kama alivyowaona watu wengine wakifanya. Katika kuinuka, joho likamtega, akapepesuka na kuipiga spika kwa goti. Spika ikanguruma, na "mabwana" ya Mjomba ikatoka kwa sauti iliyowashtua hata majirani wa mtaa wa pili.

Watu walilipuka. Kofia ya kishada ilirushwa juu na haikuonekana tena. Mzee mmoja alilia machozi akasema nchi imepata vijana. "Miaka minne!" alipiga kelele jirani, akishika kifua. "Mnaona? Pesa ya Fundi haikupotea! Kwa goti tu! Je, angetumia mikono?"

Na kwa kuwa bahati mbaya inajua saa ya kufika kuliko wageni wote, hapo hapo gari la Kontrakta lilisimama mlangoni. Alishuka na kitambi chake, viatu vinavyong'aa, na makreti mawili ya bia yaliyobebwa na dereva. Alikuwa ameona kila kitu.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye, bosi," alisema Fundi, na mgongo ukakunjika wenyewe. "Mwamkie bosi."

"Shikamoo," alisema kijana.

"Marahaba. Kwa goti, eh? Nimependa. Nina wahandisi wawili kazini, ukiwauliza saa watakuomba wiki moja ya utafiti."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Akakimbilia ndani, akarudi na furushi la gazeti, akalifungua, na mbele ya watu wote akamvika mwanawe ile kofia nyeupe. Ilikuwa ndogo. Ilimkaa juu ya kichwa kama kifuniko cha buli. Watu walipiga makofi, Kontrakta akapiga picha kwa simu, na Mama Cherehani akaomba mvua inyeshe watu waende kwao.

Mvua ikanyesha, lakini watu hawakwenda kwao. Wageni themanini waliinua sahani zao, chupa zao na viti vya kukodi, wakaingia ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Fundi alikuwa ameijenga nyumba hiyo mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili, miaka sita, kwa kuwa siku nyingine alikuwa akiwajengea watu. Sebule upande huu, chumba cha kulala upande ule, katikati ukuta mmoja wa matofali. Juu ya ukuta huo zililala boriti mbili za zege, na juu ya boriti lilikaa tangi la maji la lita elfu moja, kwa kuwa Fundi hakutaka mkewe abebe ndoo kichwani mpaka uzeeni. Mvua ilivyokuwa ikinyesha, tangi lilijaa mpaka likamwagika pembeni.

Waliowahi sebuleni walimwona mhitimu. Waliochelewa walisukumiwa chumbani, wakakaa kumi na wawili kwenye kitanda cha mwenye nyumba. Kitanda kilistahimili kwa heshima nyimbo mbili. Wimbo wa tatu kilivunjika mguu mmoja, kisha mingine kwa kuoneana haya, na watu kumi na wawili wakateremka chini wakiwa bado wanaimba. Muziki ulikoroma, bia ya Kontrakta ilizunguka, mtu mmoja alilichukua joho la kijana akalivaa yeye na kuanza kutoa ushauri wa ndoa. Jirani alimpachika kijana pasi mkononi ili wapige picha ya kumbukumbu, akamwonya asiitikise.

Ndipo watu wa chumbani wakaanza kudai haki yao. Wamekuja na miguu yao kumwona msomi, wanaona ukuta. "Tumwone!" waliimba, wakipiga vijiko kwenye sahani. "Tumwone! Tumwone!"

"Atakuja huko!" alisema Mjomba kwenye spika.

"Akija huku, sisi tutamwonaje?" walipiga kelele wa sebuleni, waliokuwa wamekwisha kumwona kwa saa nzima.

Fundi alisimama. Alikuwa amekunywa bia mbili, na kwa kawaida hakuwa mtu wa hata moja. Akapanda juu ya kigoda cha mkewe.

"Ndugu zangu," alisema, "siku nyingi nimetamani nyumba hii iwe na sebule kubwa, kama za watu ninaowajengea. Leo nina mhandisi. Ninangoja nini?"

Watu hawakuelewa, kwa hiyo wakashangilia.

Fundi alishuka, akaufuata ukuta, akauwekea kiganja. Mama Cherehani alimwona akikipitisha kiganja hicho taratibu kutoka chini kwenda juu, mpaka palipokutana matofali na zege, akakisimamisha hapo. Alimjua mumewe. Mkono ule ulikuwa unajua, na ulikuwa ukimwambia. Kisha akauondoa, akaupangusa kwenye suti, akamgeukia mwanawe.

"Mhandisi," alisema, "ukuta huu unabeba, au haubebi?"

"Baba, tungeliacha hilo mpaka..."

"Hapana, hapana, tumsikie," alisema Kontrakta, akijiweka sawa kwenye kiti. Kontrakta alikuwa amejenga majumba mengi bila kushika mwiko wa muashi hata siku moja, na alipenda maelezo. "Toa maoni ya kitaalamu, kijana."

Kijana akamtazama mama yake, mama akatikisa kichwa. Akamtazama baba, baba alikuwa akitabasamu kama mtu anayengoja kutajwa redioni. Akafungua mdomo, na kwa kuwa ndani yake hamkuwa na kitu kingine, kikatoka kile alichosomea.

"Kimsingi," alisema, "ukuta ni mpaka ambao watu wamejiwekea wenyewe. Unapata nguvu kwa sababu sisi tunaukubali. Tukibadilisha mtazamo, basi... nguvu zake zinapungua."

Watu walitazamana. Halafu mmoja akapiga makofi, na wengine, kwa kuogopa kuonekana hawakuelewa, wakapiga zaidi.

"Umesikia lugha hiyo?" Kontrakta alimnong'oneza dereva wake.

"Kwa hiyo haubebi?" aliuliza Fundi.

"Hau... haubebi sana."

"Haubebi!" Mjomba alitangaza kwenye spika.

Nyundo kubwa ya kuvunjia mawe ilikuwa nyuma ya mlango. Ilipofika mkononi mwa Fundi, watu wa pande zote mbili za ukuta walikuwa wakihesabu kwa sauti, kama watu wanaosubiri kombe. Wa chumbani walisogea karibu ili wawe wa kwanza kuona. Wengine waliegemea ukuta wenyewe, wakahamishwa kwa kusukumwa mabega.

Mama Cherehani alipiga hesabu. Akisema mbele ya wote hao kwamba mtoto si mhandisi, mumewe hataweza tena kuinua uso kazini. Akinyamaza, lita elfu moja zitawashukia watu themanini vichwani. Alitaka kupata njia ya katikati, na kwa kukosa muda akapata hii: alichukua kigoda chake, akakiweka chini ya boriti, akakaa na kuuegemeza mgongo ukutani.

"Mama Mhandisi, hapo tunabomoa," alisema Fundi.

"Bomoa upande wa mlango. Mimi nimechoka, nakaa."

"Mke wangu, utapigwa na tofali."

"Si haubebi? Tofali moja haliniui. Mhandisi naye aje akae hapa na mimi, maana ndiye aliyesema."

Watu wakacheka wakavunjika mbavu. "Shemeji ana vituko!" alisema mtu. Kontrakta mwenyewe alimsukuma kijana kwa mgongo, "Nenda, nenda ukae na mama, mtie moyo." Kijana akaja. Akakaa sakafuni, kofia nyeupe kichwani, bega lake likigusa goti la mama yake. Mama Cherehani alikuwa na hakika kwamba mumewe atawatazama wawili hao, ataufikiria ule mkono wake uliomwambia, na ataiweka nyundo chini.

Fundi aliwatazama, akafurahi kuona wanavyojiamini, akapiga.

Tofali moja liliruka mpaka chumbani, na wa chumbani wakalipokea kwa shangwe. Juu kikasikika kitu kizito kikijisogeza kidogo, kama mtu anayegeuka usingizini. Kisha maji, uzi mwembamba wa maji, yakaanza kushuka ukutani mpaka kwenye shingo ya Mama Cherehani. Hakusogea. Fundi alisimama, akasikiliza, uso wake ukabadilika kidogo. Akamtazama mwanawe. Akainua nyundo mara ya pili.

"Baba, usipige!" Kijana alikuwa amesimama, mikono imetandazwa mbele ya mama yake. "Usipige! Sijui! Sijui kama unabeba, sijui kitu kuhusu kuta, mimi siyo mhandisi, baba, nilishindwa! Sijui!"

Mjomba, kwa kukosa akili, alikuwa amemsogezea maikrofoni tangu alipoinuka. Mtaa mzima ulisikia.

Namna watu themanini wanavyotoka kwa mlango mmoja haisimuliki kwa adabu. Walitoka na sahani, walitoka na viti. Mmoja alitoka na joho, na hakurudi. Jirani alitoka, akarudi mbio kuchukua pasi yake, akatoka tena. Dakika tatu baadaye walikuwa wote uani kwenye mvua, chini ya turubai lililojaa maji kama kiwele, wakitazama nyumba kwa hamu kubwa.

Fundi peke yake alikuwa ndani. Kupitia dirishani walimwona akivuta mbao mbili ndefu, akizisimamisha chini ya boriti, akizigongea vipande vya ubao miguuni mpaka zikakaza. Hakupima, hakumwuliza mtu. Ilimchukua muda mfupi kuliko hotuba ya Mjomba. Maji yakaacha kushuka.

"Mikono ya dhahabu," alisema Kontrakta, kwa upole ule ule.

Fundi alipotoka, watu walimpisha kama wanavyompisha mfiwa. Alisimama mbele ya mwanawe, maji ya mvua yakitiririka kwenye ile suti.

"Umesomea nini?"

"Sosholojia, baba. Elimu ya jamii."

"Jamii ipi?" aliuliza jirani. "Hii yetu? Si angekaa tu nyumbani atutazame bure?"

"Naomba unisamehe, baba. Nilitaka kukuambia mara nyingi. Ningekuua leo. Kumbe ule ukuta unabeba."

"Najua unabeba," alisema Fundi. "Niliujenga mimi ubebe."

Mama Cherehani alimkazia macho. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu nilipoushika."

"Sasa ulikuwa unapiga nini, mwenzangu? Na mimi nimekaa pale?"

Fundi alimtazama kwa mshangao, kana kwamba jibu liko wazi kwa kila mtu. "Msomi amesema haubebi," alisema. "Mimi ni nani?"

Mama Cherehani alitaka kulia, na alitaka kumpiga, na kwa kuwa wageni walikuwepo hakufanya lolote kati ya hayo. Alimfungua tai tu, ilikuwa imeloa na inamkaba.

Kontrakta aliangalia saa. Ilikuwa wakati wake wa kuondoka, na mtu mkubwa hapendi kuondoka bila kusema neno. "Fundi," alisema, "usihuzunike. Kijana ameteleza kidogo, vijana wote huteleza. Lakini shahada anayo?"

"Anayo, bosi," alisema Fundi haraka. "Ya jamii."

"Shahada ni shahada. Ile nafasi ya msimamizi wa mafundi bado iko wazi. Haihitaji kujua kuta, kuta mnazijua nyinyi. Inahitaji mtu wa kuandika ripoti, na wa kuongea na wateja. Nimemsikia anaongea vizuri." Akamgeukia kijana. "Jumatatu, saa mbili. Kofia unayo tayari."

"Lakini mheshimiwa," kijana alianza, "baba yangu ndiye anaye..."

"Atakuja!" alisema Fundi. Mgongo ulikuwa umekunjika mpaka kiunoni. "Atakuja, bosi. Saa moja na nusu atakuwa pale. Mungu akubariki, bosi."

Gari likaondoka. Mjomba akaijaribu spika, ikaguna, na wageni wakaona hakuna sababu ya kuziacha bia za makreti ziharibike. Waliimba kwenye mvua mpaka turubai lilipopasuka na kuwaogesha wote mara moja. Kila aliyempita Fundi akienda kwake alimpa mkono wa pongezi. Walimwambia ana bahati, mtoto wake ndiye atakuwa bosi wake.

Walipobaki watatu, Fundi alivua koti la suti, akakoroga saruji kidogo kwenye karai, akaanza kuliziba tundu alilotoboa. Kijana alimshikia ndoo ya maji. Mama Cherehani alikaa kwenye meza yake kati ya redio na mashine ya juisi, ambazo wenyewe walikuwa wameziacha kwa sababu hawakuwa wamekata tamaa. Alikuwa na hasira ambayo hakujua amwangushie nani. Mara mbili alifungua mdomo kumwambia mwanawe aikatae ile kazi, na mara mbili aliuona uso wa mumewe, ulivyokuwa na raha, akaufunga.

Fundi alipaka, akasawazisha kwa mwiko, akarudi nyuma hatua moja kutazama.

"Unaonaje, msimamizi?" aliuliza bila kugeuka. "Niongeze tabaka la pili leo, au nisubiri hili likauke?"

"Baba, mimi sijui."

Fundi aliuweka mwiko ukingoni mwa karai. Akamgeukia mwanawe, akamsafisha tope begani kwa nyuma ya mkono, kwa upole mwingi.

"Neno hilo umelisema leo, limetosha," alisema. "Kule kazini usilitamke kabisa, watakudharau. Ukiulizwa na fundi, tazama juu kidogo, hivi, kama unahesabu. Halafu mwambie aendelee. Haya, jaribu."

Kijana alimtazama mama yake. Mama Cherehani alikuwa amegeuza uso.

Akatazama juu kidogo. "Endelea," alisema.

"Umeona?" Fundi alicheka, akachota saruji na kuirudia kazi yake. "Wala siyo vigumu."